Bahari Ndani ya Gari la Mzee Hamadi

Ukungu haujaondoka Kasongo. Michikichi iliyo nyuma ya nyumba haina miguu leo. Vinaonekana vichwa tu, vinaelea. Aicha Hamadi anageuza ufunguo wa gari, skrini ndogo iliyo katikati inawaka, na sauti ya mwanamke, laini kama ya mtu anayeogopa kuamsha watoto, inasema maneno marefu ya Kijapani.

"Waalaikum salaam, mama," anajibu baba yake, Mzee Hamadi, kutoka kiti cha kushoto.

Humjibu hivyo kila asubuhi, huu mwaka wa saba. Anachoambiwa hakijui. Fundi mmoja aliwahi kumweleza kwamba yule mama anadai kadi ya kulipia barabara za kwao huko. Mzee alikataa katakata.

"Sauti kama ile haiwezi kudai mutu kitu," anasema.

Gari lenyewe ni steshenwagoni ya kijivu, refu nyuma, lililotengenezwa kwa ajili ya baba, mama na watoto wa Japani wanaokwenda kutembea siku ya mapumziko. Likazeeka kidogo huko, likapanda meli hadi Dar es Salaam, likafika Kigoma, likavuka Ziwa Tanganyika, likashuka Kalemie, na likaja hadi hapa kwa tabu zake lenyewe. Tumbo lake liko juu kuliko la magari madogo ya kawaida, na magurudumu yote manne husukuma. Viti vya nyuma vikilazwa, mgonjwa hulala kama yuko kitandani kwake. Katika sehemu hizi, ambako hata mwenye homa kali husafiri juu ya pikipiki, amebanwa katikati ya watu wawili asianguke, hilo si jambo dogo.

Kwenye kioo cha mbele bado kuna karatasi, imeandikwa kwa Kifaransa kwamba gari linauzwa.

Aicha, mwenye miaka ishirini na tisa, ndiye dereva. Karatasi aliibandika kwa mkono wake.

"Baba alinipa gundi, nikabandika," anasema. "Ningefanya nini? Mutu anataka kwenda Makka, utamuambia usiende?"

Mambo yote yaliletwa na ile skrini. Ndani yake mna ramani ya Japani peke yake. Kongo haijulikani humo. Ikijikuta katika jimbo hili la Maniema, hupaka buluu tupu, na katikati ya buluu hiyo mshale mwekundu huonyesha kwamba gari linakwenda. Gari likipanda kilima, likipita katikati ya manyasi yanayozidi paa, likisimama kungoja mbuzi wapishe, kwenye skrini liko baharini, mbali na nchi kavu yoyote.

Mzee Hamadi, ambaye hajaiona bahari maishani mwake, ndiye anayekaa mbele ya ile buluu.

"Miaka saba niko juu ya maji," anasema. "Nikienda Wamaza, maji. Nikirudi, maji. Siku moja nikajiuliza: maji yote hii nimekwisha kuvuka, mbona sijafika?"

Kwake yeye, kufika ni kufika mahali pamoja tu. Ana miaka sitini na sita, na kikundi cha mahujaji kinajiandaa. Mali yake ni nyumba, ambayo haiuzwi, na gari.

Aliendesha malori tangu ujana, mpaka nyonga ilipomkatalia. Hilo gari alilinunua akidhani mguu utapona. Haukupona. Wanawe wawili wa kiume walikwishahamia Lubumbashi zamani. Aliyekuwa karibu ni Aicha, aliyekuwa akiuza vitenge sokoni, na ambaye baba yake humwita "mama" kwa kuwa amerithi jina la bibi yake.

"Akaniambia, mama, kaa kulia. Nikakaa. Nilifikiri anataka nimusaidie kutafuta kitu kimeanguka."

Usukani wa magari ya Japani uko kulia, na Kongo watu hupita kulia. Dereva huona vizuri mfereji ulio chini ya mkono wake, lakini kinachomjia kutoka mbele hukiona kwa kuchelewa. Ndiyo maana gari hili lina watu wawili kazini. Aicha anashika usukani, baba anashika jicho la kushoto. "Pikipiki." "Mama na mutungi." "Shimo, si kubwa." "Endelea, hakuna mutu." Wasiowajua hudhani mzee anasali.

Mwanzoni abiria walikuwa wakichungulia dirishani, wakiona kilemba nyuma ya usukani, wanakumbuka kwamba wamesahau kitu nyumbani. Waendesha pikipiki ndio waliokuwa na maneno zaidi.

"Dada Aicha, songa bugali polepole!" humpigia kelele mpaka leo wakiona anavyozungusha usukani.

"Lete mboga, mimi niko tayari!" huwajibu.

Maisha si mabaya, ila si ya kujisifia. Kiangazi, baada ya mafuta na vizuizi vya njiani, hubaki kama dola arobaini kwa wiki. Mvua zikianza hubaki nusu yake, na ziko wiki ambazo springi moja hula kila kitu na kuomba nyongeza. Watu watano hula kwenye gari hilo. Kwa hiyo karatasi ilipobandikwa, kila mtu mtaani alielewa maana yake kwa mzee. Waliojiuliza maana yake kwa Aicha walikuwa wachache.

Mmoja wao ni Fabrice, fundi wa magari. Mnunuzi alipotokea, Fabrice alimvuta Aicha pembeni, nyuma ya rundo la matairi.

"Uko na akili, wewe? Kesho mukifika Hoteli, toa mguu kwenye mafuta kidogo tu. Italala yenyewe. Ule mutu atapanda pikipiki yake, ataenda zake."

Hoteli si hoteli. Ni tope kubwa lililo kabla ya Wamaza, na madereva wameliita hivyo kwa sababu malori hulala humo siku nyingi. Wanawake wa karibu huja na sufuria za wali na maharage, kuwauzia wageni ambao hawakuchagua kulala.

"Sikumujibu Fabrice," anakiri Aicha. "Kama ningekuwa sitaki, ningemujibu."

Mnunuzi ni Jean-Baptiste, mfanyabiashara wa Salamabila anayewauzia wachimbaji wa dhahabu sururu, mabeleshi na vinywaji. Alikuja kwa pikipiki, tope limempanda mpaka masikioni. Injini hata hakuiangalia.

"Gari hainunuliwi ikiwa imesimama," alisema. "Tuende Kabambare, turudi. Nikirudi na viatu safi, tutaongea."

Akakaa nyuma, mikono juu ya magoti, kama mtu aliyekuja kuleta posa.

Matata yalianza kwenye kizuizi cha kwanza. Pale jipu, yaani gari la kuhimili njia mbovu, hulipa zaidi kuliko gari dogo. Miaka yote hii Aicha amekuwa akiapa mbele ya Hervé, mshika mti wa kizuizi, kwamba gari lao ni gari dogo, la familia, dhaifu, la kuhurumiwa. Hervé akainamia dirisha, akauliza kama anavyouliza siku zote:

"Ni nini hii?"

"Gari dogo, papa Hervé. Hata kilima inapandaka kwa kusukumwa."

Yalimtoka yenyewe, kama mtu akiulizwa habari anavyosema nzuri. Nyuma, Jean-Baptiste akakohoa.

"Mzee, jana uliniambia ni jipu."

"Ni jipu," akasema Mzee Hamadi.

"Mutoto wako anasema gari dogo."

"Kwa kizuizi ni gari dogo. Kwa wewe ni jipu."

Hervé alicheka mpaka akaushikilia ule mti asianguke, akamgeukia Jean-Baptiste. "Papa, miaka yote naandika gari dogo! Kila mvua nangoja nisikie imelala Hoteli, nipate na mimi kuwacheka. Inapita! Malori inalala, hii inapita na honi inapiga!"

"Basi leo nitalipa ya jipu?" akauliza Jean-Baptiste.

"Hiyo ni juu yako," akajibu Hervé.

"Leo bado ni gari dogo. Nikishaona Hoteli, ndiyo tutajua," akasema Jean-Baptiste.

Wote walicheka isipokuwa mzee. Walipokwenda kidogo, akauliza kwa sauti ya chini, macho yake yakiwa njiani:

"Mama, ile ulisema kusudi?"

"Hapana, baba. Ni mudomo tu."

"Pikipiki," akasema mzee. Aicha anasema neno lile moja lilimchoma kuliko kama angemgombeza, maana lile la kwenye kizuizi halikuwa kusudi, lakini lililokuwa mbele yao lilikuwa bado halijaamuliwa.

Mvua ilikuwa imenyesha siku iliyotangulia. Ukungu ulikuwa umekwama mabondeni, na njia ilikuwa ikiingia ndani yake na kutoka kama uzi kwenye kitambaa. Walipofika Hoteli, malori mawili yalikuwa yamelala, moja limeinama kama ng'ombe anayekunywa. Harufu ya maharage ilikuwa imejaa. Wanawake wenye sufuria walipoona gari la kijivu walianza kupiga makofi, kwa sababu Aicha akipita huwa ni mchezo wa kutazamwa.

Akasimama ukingoni. Akaweka gia ya kwanza, akangoja jicho la kushoto limwambie. Jicho halikusema kitu.

"Mguu wangu ulikuwa na akili yake siku ile," anasimulia. "Ulikuwa unaniambia, wewe lala tu hapa, kesho utaendelea kuwa shofere. Baba atasikitika, halafu atasahau."

Akamgeukia. Mzee Hamadi hakuwa akiangalia tope. Alikuwa akiangalia skrini, ambapo mshale mwekundu ulikuwa umesimama katikati ya buluu, na midomo yake ilikuwa ikitembea bila sauti.

"Nilimuona kama mutu anayengoja kuitwa jina. Ungesema amekwisha kuvaa ihramu ya hija. Nikasema moyoni, Aicha, huyu huwezi kumulaza kwenye tope."

Akamwita. "Baba. Kushoto?"

Mzee akashtuka, akatazama nje. "Kushoto kubaya. Shika katikati ya nyayo za lori. Usisimame."

Gari likaingia. Tope likapanda mpaka kwenye milango, nyuma ikayumba kama mwali anayecheza, maji ya rangi ya chai yakafunika kioo, na kwa kitambo kidogo nje na ndani ya skrini vikawa kitu kimoja: maji mbele, maji nyuma, na mshale unakwenda. Kisha magurudumu ya mbele yakapata udongo mgumu, gari likajikung'uta, likapanda. Vigelegele vikalipuka huku nyuma. Kutoka juu ya lori lililoinama dereva mmoja akapaza sauti, "Songa bugali, dada!" na Aicha akapiga honi.

Wakafika Wamaza. Hapo Jean-Baptiste akaigonga dari kwa kiganja.

"Hii ni jipu," alisema.

Walipeana mikono Kabambare, mbele ya sahani za samaki. Bei wenyewe wameomba isiandikwe, maana Kasongo ni mji mdogo na wakopaji wana masikio makubwa. Inatosha nauli, pasipoti na mahitaji ya safari, na mzee amemwekea binti yake sehemu.

Kuhusu dereva, Jean-Baptiste hakuzunguka. Ana mpwa wake, Baraka, anayejua magari.

"Gari anajua. Hii njia hajui," aliongeza baada ya kunawa mikono. "Mvua hizi Aicha ataendesha, Baraka atakaa kushoto ajifunze. Kiangazi kikifika, Baraka atachukua. Nisikudanganye, mama."

"Hakunidanganya," anasema Aicha. "Na mimi sikumudanganya kule Hoteli. Tuko sawa."

Fabrice amemwita mjinga mara kadhaa tangu hapo, kwa upendo. Aicha anasema usiku wa kurudi alilia, na asubuhi yake akaimba akifua. Hajui kipi kilikuwa cha kweli zaidi. Mpango wake anao: sehemu aliyopewa na baba ataiweka, mshahara wa msimu wa mvua atauongezea, na atatafuta gari la aina ileile, refu nyuma, la kulaza mgonjwa. Rangi amekwisha kuchagua. Nyeupe, ili tope lionekane na watu wajue lilikotoka.

Leo, wiki moja kabla ya gari kwenda Salamabila, wanapeleka abiria Wamaza, pamoja na mama mjamzito aliyelala nyuma na jogoo wa mtu asiyejulikana. Ukungu unaanza kuachia vilima. Mzee Hamadi anatazama buluu yake, anatazama njia, anatazama tena buluu.

"Pikipiki," anasema. Halafu, baada ya kitambo: "Mama, watu wote wamenituma dua. Mwingine anataka mutoto, mwingine anataka duka. Wewe peke yako hujasema. Nikifika kule, nikuombee gari?"

Aicha anabadilisha gia, anakwepa shimo, na macho yake hayaondoki mbele.

"Gari nitatafuta mwenyewe, baba," anasema. "Wewe omba barabara."