Mwani Ukutani

Projekta ya skuli ilikuwa imefungiwa kabatini kwa mwalimu mkuu, na mimi ndiye niliyeililia mpaka nikapewa. Nilikuwa mwanafunzi wa ualimu, nimetoka Wete kwenda Micheweni kwa mazoezi ya kufundisha, na msimamizi wangu wa chuo alikuwa keshaniambia kwamba nawasomea watoto daftari. Akija mara ya pili akinikuta vilevile, narudia mwaka. Nilikasirika, maana alisema kweli.

Basi nikaamua darasa la sita watajifunza jinsi mimea inavyojitengenezea chakula kwa kuutazama mwani wa pwani yao wenyewe. Bamvua ilipofika na maji yakatoka mbali, nikateremka pwani na simu yangu. Kinamama walikuwa wameinama kwenye kamba zao za mwani, maji magotini. Kwetu sisi wanawake hatupigwi picha bila ridhaa yetu, hilo nalijua tangu sijaota meno, kwa hiyo niliomba. Mmoja wao akanijibu bila kuinua kichwa, "Mwani piga. Sie usitupige." Nikaitikia. Nikaelekeza simu kwenye kamba, nikarudi nyumbani nikaitazama video mara tatu, nikajiona mjanja kweli.

Siku ya siku msimamizi akakaa nyuma na fomu yake. Tuliziba madirisha kwa mikeka. Mwani ukajitandaza ukutani, viputo vya hewa vikionekana kimoja kimoja, na watoto wakavutana kusogea mbele. Nikamwona msimamizi ananyanyua simu yake, anapiga picha, anatabasamu. Moyo ukanitulia kidogo.

Ndipo nikaona walichokiona wao. Kwenye simu yangu, mwanamke mmoja aliyekuwa nyuma ya kamba alikuwa mdogo kama punje ya mchele, wala sikumtilia maanani. Ukutani alikuwa mrefu kuliko mlango. Mtandio umemwangukia mabegani, nywele wazi, kanga imeroa na kumganda mwilini. Mtoto mmoja akacheka. Msichana wa dawati la pili akainuka, akaenda kusimama ukutani, akatandaza mikono. Sura ya mama yake ikamwangukia yeye, usoni na kwenye ushungi mweupe. Hakulia. Alinitazama tu.

Nilichomoa waya. Kipindi kilichobaki nilikifundisha kwa chaki.

Nje, msimamizi aliniambia nimefaulu, na vizuri. Nikamwomba aifute ile picha yake, maana yule mama alikuwemo. Akashangaa. Akasema ni nywele tu, tena keshairusha kwenye kundi la chuo na watu wananipongeza. Nikamwambia alama achukue, picha aiondoe. Akaifuta huku amenuna, lakini hata yeye hakuweza kuniambia wangapi walikuwa wameshaihifadhi.

Sijaichukia projekta. Watoto wale hawakuwahi kunisikiliza kama asubuhi ile, na nikipata skuli yangu nitaililia tena. Nilichokichukia ni uvivu wangu. Chuoni tulifundishwa kuwasha, kuunganisha na kukuza picha, na mimi nikaenda darasani sijaitazama hata mara moja kwa ukubwa watakaoiona wao.

Alasiri nilikwenda kwa yule mama. Binti yake alikuwa keshamhadithia kila kitu. Nilipiga magoti kwenye mkeka, nikaifuta video mbele ya macho yake, nikamwomba radhi. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, na kwa kweli ningeshukuru. Yeye akaitazama simu mkononi mwangu.

"Mwalimu," akasema kwa upole, "kuna mwengine anayo?"

Ningeweza kusema hakuna. Binti yake alikuwa amesimama mlangoni, ananisubiri nijibu.

"Huenda ipo, mama," nikasema. "Na sijui kwa nani."

Akauvuta mtandio wake, akajitanda vizuri hadi kidevuni, ingawa mle ndani tulikuwa wanawake watupu.