Uzito wa Mama Mkwe

Bahadur ameuza magari tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na kwenye yadi yake ya Downsview, Toronto, ameona wateja wa kila aina. Kuna wanaopiga matairi mateke, kuna wanaonusa injini kama wanaonja mchuzi, na kuna aliyewahi kumpigia shemeji yake Mombasa amchagulie rangi. Lakini mteja wa kufungua mlango wa nyuma, kuvua viatu, kisha kulala chali kwenye kiti na kukunja magoti, huyo hakuwahi kumwona mpaka alipokuja Nicolaus.

"Unanunua gari au kitanda?" alimuuliza. Ilikuwa pikapu ya tatu kulaliwa asubuhi ile.

Nicolaus alisema anaangalia nafasi tu, akaketi na kuvaa viatu. Hakuwa amedanganya, ila hakuwa amesema yote, na hiyo ndiyo tabia yake. Ni mtu wa Sumbawanga, mpole, wa maneno machache. Toronto aliianzia St. James Town kwenye chumba cha watu wanne, na leo anaendesha foko ya kuinulia mizigo kwenye ghala lililo mtaa wa pili kutoka yadi ya Bahadur. Kanisani wanamjua kwa jambo moja: ukimwomba akusaidie kuhama, atakukuta bado umelala. Mizigo haimsumbui. Maneno ndiyo humsumbua.

Trela alikuwa nalo tayari. Aliuziwa na msimamizi wake wa kazi aliyestaafu, na Nicolaus akalichukua kwanza, ndipo akaanza kufikiria litavutwa na nini, yaani amenunua tandiko kabla ya punda. Ni trela la kuishi, lenye jiko, choo, kitanda sebuleni na kitanda kingine huko juu shingoni. Tena si la kufungwa nyuma ya bampa. Shingo yake hupanda juu ya bodi ya pikapu na kukaa pale juu ya ekseli ya nyuma, kama semi za barabara ya Tunduma, ila hili ni dogo.

Na mtu kama yeye, anayeishi ghorofani huko Crescent Town na hana hata pa kuanika shuka, trela la nini? Ni kwa ajili ya mama mkwe wake. Mama huyo alikuwa na kitinda mimba, Godson, aliyekuwa akifanya kazi Edmonton, magharibi ya mbali ya Kanada, safari ya siku kadhaa kwa gari. Godson alifariki mwaka ule wa korona, akazikwa huko huko, na mama yake akayaangalia mazishi akiwa Sumbawanga, kwenye simu iliyokuwa inakatakata. Miaka miwili iliyopita Leokadia, mke wa Nicolaus, alimleta mama yake Toronto. Mama alijua moja tu, kwamba sasa amelikaribia kaburi la mwanawe. Kumbe safari ile ya ndege ilimgandisha damu mguuni, nusura imwondoe, na daktari akasema ndege basi. Kwa barabara anaweza kwenda, mradi awe na pa kulala, pa kunyoosha miguu na choo cha karibu. Tangu siku hiyo hakudai kitu. Ila Leokadia alimsimulia mumewe kwamba kila Edmonton inapotajwa kwenye habari za hali ya hewa, mama hugeuza kichwa. Hicho kichwa ndicho kilichomnunulisha Nicolaus trela.

Yeye mwenyewe hakukiona kikigeuka, maana hamwangalii. Alilelewa na baba aliyemfundisha kwamba mama mkwe hatazamwi usoni, hapokei kitu kutoka mkononi mwako, na kulala naye chini ya paa moja ni mwiko. Wengi wa rika lake wamekwisha kuyaacha hayo, na Leokadia huyacheka waziwazi, lakini kwa Nicolaus yamekaa. Pale kwenye fleti hukohoa kabla ya kupita koridoni. Shikamoo huitoa akiwa nyuma ya mlango. Zamu ya usiku aliiomba mwenyewe, na chakula hula peke yake chumbani. Leokadia humwambia mara kwa mara kwamba mama hali chakula vizuri, naye hujibu "pole" bila kuinua uso. Kichwani mwake mama mkwe ni yule yule wa siku ya harusi, mama wa Kifipa aliyejaa, ambaye akisimama mlangoni mwanga haupiti.

Sasa utaelewa habari ya kiti cha nyuma. Mama na Leokadia wangelala kwenye trela, na yeye angelala kwenye pikapu. Alikuwa amepanga kila kitu.

Bahadur, ambaye hakuelezwa lolote kati ya hayo, alimkalisha ofisini, akammiminia chai ya maziwa na kumpa somo. Ni Mwismaili aliyezaliwa Tabora, na Kiswahili chake hakijapata kutu. "Kila anayeingia hapa ananiuliza gari linavuta kiasi gani," alisema. "Kuvuta si tabu, ndugu yangu. Tabu ni kubeba. Shingo ya trela lako inakaa mgongoni mwa pikapu, na juu ya hapo uweke watu na vikapu vyao."

Akamwonyesha stika ya njano ubavuni mwa mlango, yenye uzito ambao gari linaruhusiwa kubeba. Zilibaki pikapu mbili za kuchagua. Ya bluu ilikuwa ya petroli, laini, na chini kiasi kwamba hata mgonjwa angeingia bila msaada. Nyeupe ilikuwa ya dizeli, ya kubeba mizigo mizito, ndefu, imeinuka mno. Bahadur akashika kalamu, akauliza watakaosafiri ni wangapi na wana kilo ngapi. Nicolaus akataja zake. Akataja za mkewe, akaziongeza kidogo kwa tahadhari.

"Mwingine?"

Hapo ulimi ukamfia. Kutaja uzito wa mama mkwe ni kuupima mwili wake kwa macho, na hilo hakuwa tayari kulifanya, hasa mbele ya mwanamume mwingine. Akasema wako wawili tu. Bahadur akapiga hesabu, akakuna kidevu, akasema kwa wawili ile ya bluu itabeba, ila ni kwa mbinde.

Jioni Leokadia alizipokea habari kwa furaha, mpaka alipouliza mama amehesabiwa wapi. Mumewe akajitetea. Ile nyeupe ina kimo, alisema, mama hawezi kuipanda bila kunyanyuliwa, na bega la Leokadia lilishapasuliwa, haliwezi kunyanyua mtu. Abaki nani wa kumnyanyua, kama si yeye mkwewe? Afadhali ya bluu, waende polepole. Alikuwa anaogopa kweli, na uoga ulimfanya mjinga.

"Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi," Leokadia alisema, akiweka sufuria chini. "Tukiwa njiani, milimani kando ya lile ziwa kubwa, breki zimezidiwa, utamwambia mama hakuhesabiwa kwa sababu ya heshima?"

Kuta za fleti zile ni nyembamba. Jumamosi asubuhi mama alikuwa mlangoni, amevaa koti juu ya kitenge, akasema anataka kuliona gari. Wakaenda na kigari chao kidogo, Leokadia akiendesha, mama mbele, na Nicolaus amejikunja nyuma, macho dirishani.

Bahadur alimwamkia mama na kumkaribisha chai, lakini mama akasema chai baadaye. Aliuliza ni lipi litakalowabeba wote watatu. Bahadur alimtupia Nicolaus jicho, kisha akanyoosha kidole kwenye ile nyeupe.

Mlango ukafunguliwa. Kiti cha gari kilimfika mama karibu na kifua. Alishika mpini, akainua mguu kuelekea pa kukanyagia, mguu ukafika nusu na kurudi. Akajaribu tena. Leokadia akasogea na bega lake bovu, mama akamzuia. Bahadur akaenda kutafuta kigoda. Nicolaus alikuwa amesimama pembeni akisoma matairi.

"Nicolaus."

Hakuwahi kumwita kwa jina. Siku zote alikuwa akimwita baba.

"Wa kuninyanyua alikuwa Godson," mama alisema. "Hayupo, na ndiye tunayemfuata. Ninyanyue wewe."

Nicolaus alikohoa, kwa mazoea tu, kisha akainua uso akamtazama. Akasogea, akapitisha mkono mmoja mgongoni na mwingine nyuma ya magoti, akajikaza kama anavyojikaza kwa gunia la kilo themanini. Nusura amrushe. Hapakuwa na mzigo. Ndani ya lile koti mlikuwa na mifupa, na kitenge kimezungushwa mara nyingi kuliko inavyotakiwa. Mama huyu alikuwa ameisha ndani ya nyumba yake, mlango wa pili, huku yeye akikohoa koridoni na kujiona mtu wa adabu. Alimweka kitini taratibu, akamfunga mkanda, akaona aibu, na chini ya aibu uchungu uliomfanya ashindwe kuuachia mlango.

Mama alijisogeza, akatazama mbele kupitia kioo. "Kunaonekana mbali," alisema.

Bahadur akarudi na kigoda kisichohitajika tena, na kalamu mkononi. Akauliza kwa sauti ya chini, sasa mama wamwandikie kilo ngapi.

"Andika themanini," Nicolaus alisema.

Bahadur akamtazama mama kule juu, akamrudia Nicolaus. "Themanini, huyu?"

"Andika themanini. Kuanzia leo tunakula meza moja."