Kucha za Bati za Baba

Juzi, kwenye harusi huko Mtama, nilimwona mpiga gitaa amevaa kucha za bati, nikacheka peke yangu.

Nilipokuwa mdogo, pale Lindi, shangazi Somoe alikuwa anaolewa. Ndani wanawake walimpaka hina vidoleni, harufu ikajaa nyumba nzima. Uani baba alikuwa anakata kopo la maziwa ya unga, maana siku hizo maduka yalishaanza kujaa vitu na makopo matupu hayakuwa adimu tena. Kucha zake za kupigia gitaa zilikuwa zimelika, zinanasa kwenye nyuzi. Alikunja bati, akalilainisha kwa tupa, kri kri, akavivisha vidole vyake kucha mpya, kimoja kimoja.

Mimi nilichojua ni kwamba anayepambwa vidole leo, kesho anahama. Nikamshika shati, nikalia.

"Baba, na wewe unaolewa?"

"Nani atanioa na kitambi hiki?"

"Basi zivue."

Shangazi akasema kutoka dirishani, "Mwache alie, kaka. Mimi naondoka kweli, na wewe hujanililia hata kidogo."

Baba akajifuta macho na mabati yake vidoleni, akajikwaruza shavu. Nilizidi kuchanganyikiwa: anayehama ni shangazi, anayelia ni baba.