Siku Kapteni Tluway Alipoupa Upepo Mgongo

Nakumbuka siku moja ya masika makubwa, mwanangu, miaka ya sabini ikielekea kuisha, nilipokuwa nesi kijana kule Mang'ola. Barabara ya Karatu ilikuwa imekatika, malori ya vitunguu yamezama kwenye tope, na ziwa Eyasi, ambalo miaka mingine hukauka likabaki chumvi tupu, lilikuwa limejaa hadi vichakani. Ndipo uchungu ulipomshika Zainabu, mke wa Juma mchuuzi wa vitunguu. Mtoto alikuwa amelala vibaya tumboni. Mama alihitaji upasuaji, na mimi uwezo huo sikuwa nao.

Tumaini lilikuwa moja tu. Watafiti waliokuja kuchunguza heroe, wale ndege wa miguu mirefu na manyoya ya waridi, walikuwa na ndege ndogo inayotua majini, yenye maboya mawili mahali pa magurudumu. Rubani wake, Kapteni Tluway, alikuwa Mwiraqw mwenzangu, mtu wa makamo, mpole wa maneno. Tulimlaza Zainabu ndani, nikakaa kando yake. Lakini Kapteni hakuwasha injini. Alisimama juu ya boya akiyatazama mawimbi.

"Kapteni, mbona huondoki?" Juma aliuliza, maji yakiwa yamemfika kiunoni. "Mke wangu ananiishia hapa."

"Naona, ndugu yangu. Ila upepo unashuka kutoka mlima Oldeani. Ndege huruka ikiutazama upepo, ndio unaoiinua mapema. Nikiutazama leo, mbele yangu ni mlima huo. Nikiupa mgongo, mbele ni maji matupu, lakini kwa nguvu ya upepo huu tutakimbia sana bila kuinuka. Na kule katikati ya ziwa mawimbi yatavunja maboya. Tusubiri upungue."

Tukasubiri. Zainabu alinibana mkono hadi vidole vikafa ganzi. Hatimaye povu likatoweka juu ya mawimbi, na moshi wa jiko la watafiti ukaanza kwenda juu. Kapteni akawasha, akanionyesha mti mkavu uliosimama majini mbali.

"Tukifika usawa wa ule mti hatujainuka, nazima."

Tukakimbia, maji yakigonga maboya kama mawe. Mti ukaja, ukaja, na bado tulikuwa majini. Akazima.

Sitakuficha, mwanangu, pale nilimchukia. Nilisikia kilio cha Juma kutoka ufukweni. Kapteni aliirudisha ndege polepole, akashusha mizigo yote ya watafiti, hata viti, kisha akatazama tena maji na moshi, akangoja upepo utulie kabisa.

Safari ya pili tuliinuka kabla ya mti. Kelele za maji zilikoma ghafla, na heroe wakaruka chini yetu wote kwa pamoja, ziwa zima likageuka rangi ya waridi. Nilikuwa sijawahi kupanda ndege. Niliona ukuta wa Bonde la Ufa umesimama, na milima ya Ngorongoro imejifunika mawingu. Hata Zainabu alifumbua macho.

Tulipofika ziwa Manyara, gari la hospitali, lililoitwa kwa redio ya watafiti, lilikuwa likingoja upande wa mbali, na upepo ulikuwa ukituelekeza kwake moja kwa moja. Nilidhani Kapteni atatua nao mgongoni, kwa kuwa kule Eyasi alifaulu. Kumbe alizunguka, akautazama, akatua mbali na gari.

"Kapteni, tunachelewa," nilimwambia.

"Kule sikuwa na njia nyingine. Hapa ninayo. Upepo huu ukitusukuma, tutagusa maji kwa kasi ya kutupindua."

Mtoto alitolewa jioni ile, akiwa hai, na mama yake pia. Leo huyo mtoto ni mama mwenye watoto pale Ganako.

Basi sikia, mwanangu. Maisha yatakulazimisha wakati mwingine kwenda kinyume na kanuni uliyofundishwa. Nenda, lakini uitazame kwanza hali kwa macho yako, upunguze mzigo, na kabla hujaondoka uchague mahali utakaposimama mambo yakikataa. Ukifika hapo, simama, hata kama watu wanalia. Na ukifaulu mara moja, usiigeuze bahati hiyo kuwa desturi.

Mungu akupe macho ya kuona na moyo wa kungoja. Kila uendako akufikishe salama, na wanaokutegemea wafike nawe.