Siku Nilipofuta Sauti ya Mama

Studio yangu ni simu moja iliyopasuka kioo kwenye kona, hedifoni nilizoazima nikasahau kuzirudisha, na kabati la nguo. Katika vitu hivyo vitatu, kabati ndilo la maana zaidi. Nyumba yetu iko ghorofa ya nne hapa mtaa wa Mowlem, Nairobi, saruji juu na saruji chini, na mtu akiimba sebuleni sauti inagonga ukuta na kumrudia mara mbili. Lakini akiingiza kichwa kabatini, katikati ya makoti ya mazishi na blanketi za wageni, anapata ukimya mzuri ajabu. Humo ndimo nimetengenezea midundo yangu yote tangu nimalize shule. Jasho linanitoka, pua imejaa harufu ya naftalini, na nina furaha isiyo na adabu.

Mama ndiye mwimbishaji wa kwaya ya kanisa letu. Ni fundi wa nguo, anashona sare za shule kibandani pale sokoni, na sauti yake ni nyembamba na ya juu, haina haja ya kipaza sauti. Ananiita "mama", kwa kuwa nimechukua jina la mama yake, na jambo hilo limenipa kiburi tangu utotoni. Mtu akiamkiwa "shikamoo mama" na mama yake mwenyewe, hata kwa mzaha, lazima kichwa kivimbe.

Mwaka juzi rovu lilimwota shingoni. Alilificha kwa mitandio mpaka mitandio ikashindwa. Daktari akasema litolewe, na akasema pia, bila kuzungukazunguka, kwamba sauti inaweza kubadilika. Huenda ikawa nzito, huenda isipande tena mahali inapopanda sasa. Mama aliporudi nyumbani alivua viatu, akakaa kitandani, akaniangalia.

"Mama," akasema, "kabla ya Jumatano, niweke kwa simu."

Tulikuwa na Jumamosi mpaka Jumanne. Wimbo ulikuwa wake mwenyewe, ameutunga akishona, beti nne za shukrani, na alikuwa amewafundisha kwaya kwa muda wa mwezi mzima. Tukarekodi kila siku saa nne hadi saa tano, baada ya yule mnunuzi wa vyuma chakavu kupita na kipaza sauti chake na kabla majirani hawajaanza kukaanga vitunguu. Jumapili tulikosa kanisa kwa mara ya kwanza nikumbukavyo. Mama alisimama ameingiza kichwa kabatini, mgongo ndio umebaki nje, mimi nimeshika simu chini ya kidevu chake, tukicheka mpaka tukaharibu mistari mitano. Aliimba ubeti kwa ubeti, kisha akajiimbia sauti ya pili juu ya ile ya kwanza. Jumatatu alitaka kusikia tulipofikia. Nikakataa. Nikamwambia fundi haonyeshi gauni ambalo bado lina pini, atausikia ukiwa tayari siku atakayorudi kutoka hospitali. Sikumtolea hata nakala moja. Kiburi tupu.

Jumatano asubuhi Baba alimpeleka, nami nikaambiwa nisubiri saa za kuona wagonjwa mchana. Nikiwa na wasiwasi mimi husafisha. Nilisafisha jiko, nikasafisha choo, nikamaliza vya kusafisha, nikashika simu. Simu yenyewe ilikuwa inalalamika kwamba imejaa. Nikaingia ndani nikakuta folda nzito kuliko zote, imesheheni mafaili yasiyo na majina, tarakimu tu. Nikaona ni makapi. Wimbo si uko pale kwenye programu ya kutengenezea muziki, mistari yote imepangwa kwa rangi? Nikafuta. Kisha nikaingia kwenye pipa la taka la simu nikalimwaga nalo, maana mimi nikisafisha nasafisha. Nafasi ikafunguka, tele. Nilicheza peke yangu pale sebuleni.

Nikafungua wimbo ili niusikilize kabla sijaenda hospitali. Ngoma ikaingia. Gita la simu likaingia. Mahali pa mama kuingia, kimya. Mistari yake yote ilikuwa imegeuka kijivu, na juu ya kila mmoja maandishi mekundu: faili halipatikani.

Hivyo ndivyo nilivyojifunza, baada ya miaka minne ya kujiita produsa, kwamba ile programu haiweki sauti ndani ya wimbo. Inaweka maelekezo tu: chukua faili lile, kata hapa, sogeza pale. Nilikuwa nimebaki na maelezo ya kupika, unga nimeumwaga mwenyewe. Kwanza nilicheka, kile kicheko cha mtu aliyejikwaa mbele ya watu. Kisha nikakaa sakafuni. Saa hiyohiyo, upande wa pili wa mji, mama alikuwa mezani na shingo wazi, na sauti aliyonikabidhi haikuwa popote duniani.

Operesheni ilienda vizuri. Nilimkuta amefungwa bandeji, macho mazito, ameambiwa asitoe neno kwa siku kadhaa. Alinishika mkono, akaitazama simu yangu, akainua nyusi.

"Iko poa, Mama," nikasema. "Inaiva."

Nilijichukia njia nzima ya kurudi nyumbani. Nilipokuwa napanda ngazi, kwenye ghorofa ya pili, nikamsikia mama akiimba ubeti wa kwanza.

Nilishika ukuta. Sauti ilikuwa inatoka jikoni kwa jirani yetu, mama mmoja muuza omena, wale dagaa wa ziwani, anayeimba sauti ya pili kwaya. Alikuwa anaosha vyombo, simu ameiegemeza kwenye dirisha. Ilinichukua muda kuelewa, na nilipoelewa nilibisha mlango kwa mikono miwili. Katika kwaya yetu hakuna asomaye nota. Mama huimba mstari, anautuma kwenye grupu kama ujumbe wa sauti, na kila mtu anausikiliza akipika au akifua mpaka umwingie. Ujumbe wa grupu hujifuta kila baada ya siku saba, mwalimu wa kwaya aliweka hivyo alipochoka na picha za maua za kutakiana asubuhi njema. Lakini asiyeshika mstari humwomba mama pembeni, na mama humtumia wa kwake peke yake. Simu ya mama mwenyewe alikuwa nayo wodini, nisingeweza kuiomba bila kujieleza. Na kwaya yetu, Mungu aibariki, ni ya watu wasioshika mistari.

Nilimweleza jirani yote. Alinisikiliza akiwa ameshika sufuria inayochuruzika.

"Ngoja. Ulimfuta mathe?"

Nikakiri. Alicheka mpaka akakalia mtungi wa maji. Aliapa hatamwambia mtu yeyote, na kufikia saa kumi na mbili jioni kwaya nzima ilikuwa inajua, isipokuwa mama mwenyewe.

Siku mbili zilizofuata sijawahi kufurahi hivyo nikiwa na hofu kiasi hicho. Simu ililia mfululizo. Yule ametuma mstari wa pili wa ubeti wa kwanza, huyu ametuma nusu ya ubeti wa tatu na maombi ya dakika mbili aliyoyarekodi juu yake kwa bahati mbaya. Mama mmoja wa sauti ya kwanza, anayeuza mashuka ya jumla Eastleigh, alikataa kutuma kwa sababu hataki sauti ya mtu izurure hewani. Nikamfuata mpaka ghorofa ya tatu, katikati ya marobota. Akanifungulia ujumbe wake, nikaurekodi simu kwa simu chini ya rundo la mablanketi, naye akinisimamia na kuimba pamoja na mama mpaka nikamwomba mara tatu anyamaze. Mteja mmoja alisimama na foronya mkononi akasikiliza wote mpaka mwisho.

Kwa mara ya kwanza maishani niliyapa mafaili yangu majina. "Ubeti wa pili mstari wa tatu omena kuku." "Ubeti wa kwanza wote cherehani." Omena ni jirani aliyetuma, na neno la mwisho lilikuwa la kelele zilizoingia: kuku, cherehani, mtoto wa mtu akiuliza chai iko wapi. Nikanakili kila kitu kwenye simu ya Baba, kisha kwenye simu ya jirani, kisha kwa mama wa mashuka, hewani kweupe, apende asipende.

Na kazi yenyewe! Mama huanzia popote koo lilipo siku hiyo. Mstari mmoja uko juu, unaofuata uko chini, wa tatu anaukimbiza kwa sababu mteja amefika. Nilishusha mmoja kidogo tu, mama akatoka kama mjomba wangu. Nikaupandisha, akatoka kama katuni. Nilikuwa kabatini nimejifunika, nacheka machozi, nakata kuku kutoka kwenye pumzi ya mama kipande kwa kipande kwa kidole kimoja kwenye kioo kilichopasuka. Kuku mmoja alikataa kabisa, alikuwa amelia palepale mama alipovuta neno "neema". Nikamwacha. Alikuwa ndani ya ufunguo, sauti yake inalingana na wimbo.

Ijumaa mchana nilikuwa na wimbo wote isipokuwa mstari wa mwisho wa ubeti wa nne. Hakuna aliyekuwa nao. Ni mstari mwepesi, kila mtu aliushika siku ya kwanza, kwa hiyo hakuna aliyeuomba. Mama anarudi kesho. Niliwapigia wote tena, na wote wakaniambia wamemaliza. Akabaki mzee mmoja wa besi, askari wa geti kwenye fleti fulani za mtaa wa Fedha, mtu asiyeongea. Sikuwa nimemsumbua kwa kuwa besi hawaimbi zile sehemu za mama.

"Niko na moja hapa ndefu," akaniambia, polepole. "Huwa naiskizanga nikiwa geti. Sijui kama itakusaidia."

Alikuwa zamu Jumanne, akakosa mazoezi, akamwomba mama ubeti wa nne mzima. Mama akamtumia akiwa kibandani, siku moja kabla ya operesheni. Ubeti ulikuwa humo wote. Mstari wa mwisho ulikuwa safi, umenyooka, hata cherehani ilikuwa imesimama. Niliruka kabatini nikagonga kichwa. Lakini ujumbe haukuwa umeisha. Mama alisahau kubonyeza, na simu ikaendelea kurekodi. Cherehani ikaanza tena, na sauti ya mwanamke wa kibanda cha pili ikamuuliza kama haogopi kesho.

"Niogope nini," mama akasema. "Hata ikiisha, mtoto wangu amenihifadhi yote."

Nilikaa kabatini na mlango nimeufunga. Nililia kwenye koti la Baba, tena kwa kelele, kwa aibu na kwa mapenzi, sikujua kipi kilikuwa kinatangulia. Halafu nikapangusa kioo nikauleta mstari mahali pake. Kidole changu kilikuwa juu ya ile alama ya mkasi. Wimbo unakomea kwenye nota ya mwisho, kila fundi angekata hapo. Sikukata. Sikuwa na ujasiri wa kumwambia mama nilichofanya, kwa hiyo nikaacha faili limwambie.

Jumamosi alikuja, mwembamba, bandeji nyeupe, daftari la mraba mkononi kwa ajili ya kutusemesha. Nilimvalisha hedifoni kabla hajanywa chai. Alifumba macho. Kisha akaanza kuandika, harakaharaka. "Hapa nimechelewa." "Hapa nimeshuka." Kwa kuku akafungua macho, akaandika kwa herufi kubwa: "HUYU NI WA NANI?" Kisha kalamu ikasimama. "Hii si ya kabatini," akaandika. Nikatazama dirishani. Ubeti wa nne ukaingia, nikaona midomo yake inaufuata bila sauti, ukaisha, nikajua sasa anasikia cherehani, sasa anasikia swali, sasa anajisikia mwenyewe.

Alivua hedifoni. Akaandika neno moja: "Ulifuta?"

Nikatikisa kichwa kukubali. Nikamweleza mengine nikiwa natazama miguu yake: folda, pipa la taka, omena, mashuka, mzee wa geti. Nilipomaliza nikainua macho. Mama alikuwa anacheka. Hakukuwa na sauti, mabega tu yanaruka, mkono mmoja umeshika bandeji isifunguke, machozi yanamtiririka. Alicheka hivyo mpaka Baba akatoka chumbani kuuliza kama tuite daktari.

Alipotulia alinywa chai yake yote. Akasimama, akaenda kwenye kabati, akasukuma makoti upande mmoja. Daktari alikuwa ameruhusu maneno machache kuanzia siku hiyo, nasi hatukuwa tumesikia hata moja. Aligeuka, akasafisha koo kwa uangalifu, na kilichotoka kilikuwa kinene, kina mkwaruzo, kiko chini kabisa, sauti ya mtu ambaye sikuwa nimekutana naye bado.

"Mama, rekodi."

Nilibonyeza. Akaimba mstari wa mwisho tu, taratibu, chini ya ule wake wa zamani, na kabla hajafika katikati yake mimi nilikuwa nimeshindwa kujizuia. Faili hilo ninalo, limepewa jina, liko kwenye simu nne. Ni la kwanza la sauti yake mpya, na mtu anayesikika zaidi humo ni mimi nikilia na kucheka kwa pamoja. Kukata sauti yangu humo ni kazi ya dakika tano, nami sijaifanya.