Chumvi ya Kukamulia Matango

Daktari alisema mama asionje chumvi hata chembe. Miguu ilikuwa imevimba, ukiibonyeza shimo linabaki. Mama yangu, mtu wa Ujiji, mla samaki wa mgebuka wa kukaanga na ugali wa muhogo, aishi bila chumvi! Kila nilichompikia alikisukuma. "Chakula cha maiti hiki," alisema.

Kilichomshuka kooni ni kachumbari tu. Asubuhi nakwenda sokoni Mwanga, nachagua majani ya saladi ambayo hayajanyauka, matango, hoho, vitunguu, giligilani. Nakamulia ndimu, nachanganya kwa mikono, maana mama alisema kijiko kinaponda majani. Alikula mpaka akafuta bakuli kwa kidole. Jamani, nilivyoringa! Dada yangu akipiga simu namwambia, kwangu mama anakula, wewe baki huko na ushauri wako.

Miguu ikazidi kuvimba. Daktari akanifokea kwamba namlisha mgonjwa chumvi kwa siri. Wallahi, nilimwambia, chakula chake hakina chumvi. Nikarudi nyumbani nimenuna njia nzima.

Tuliporudi tena hospitali, nesi mmoja mtu mzima aliniita pembeni. "Hebu nieleze unavyoitengeneza, mwanzo mpaka mwisho." Nikaanza: vitunguu navifikicha na chumvi vitoke ukali, nasuuza. Matango nayanyunyizia chumvi yachuje maji, nayakamua... Hapo nikajisikia nilichosema. Ndivyo mama alivyonifundisha, ndivyo wanavyofanya wanawake wote mtaani kwetu. Ile hatuihesabu. Kwetu chumvi ni ya kutia mwishoni, ukionja. Loo, mjinga mimi! Miezi miwili namvimbisha mama kwa mikono yangu mwenyewe.

Kesho yake nilimtengenezea isiyo na chumvi kabisa. Alionja, akaitema kiganjani. "Umeshanichoka, mwanangu," alisema. Kumweleza ni kukiri kwamba ile aliyoipenda ndiyo iliyokuwa ikimmaliza. Niliona aibu. Mficha uchi hazai, na mimi nilificha.

Hakugusa tena chakula changu. Wiki aliyokufa, jirani yetu alikuja kumwona, akauliza mbona amekonda hivi na mtoto yupo ndani. Mama akamwambia asinilaumu, kuuguza mtu mzima kunachosha, hata yeye mwenyewe angechoka. Nilikuwa nyuma ya pazia la mlangoni, nikisikia yote. Sikuingia.