Siku Papa Bahati Alipokata Kamba

Ndani ya kamyo tulikuwa watano: Mama, wadogo zangu Furaha na Jérôme, dereva Papa Bahati, na mimi. Nyuma yalipangwa magodoro mapya ya Mama, marefu kama nyumba, yamefunikwa turubai, ya kuuzwa Mongbwalu. Ndiyo yaliyokuwa mali yetu yote.

Siku ile niliikumbuka juzi tu, sasa nikiwa mtu mzima, nilipoona kamyo nyingine imelala ubavu kwenye njia ya Nyankunde, turubai lake bado limekazwa.

Tulipofika vilimani, upepo ulianza kutusukuma. Kamyo iliyumba, ikalia kama kitanda kibovu. Papa Bahati alisimama, akapanda juu na kisu, akakata kamba zote za turubai. Harufu ya mvua ilikwisha kutufikia.

"Weye muzee, unaniua!" Mama alipiga kelele. "Godoro yangu yote itaoza!"

"Godoro itakauka, Mama. Batoto bakilala mu bonde, utabaanika wapi?"

Mimi nilidhani upepo nao una bariyeri yake ya kutoza wapita njia, kama askari wa njiani, na dereva anaulipa kwa mali yetu. Nilimchukia. Sikujua kwamba mzigo mwepesi uliofunikwa hukamata upepo hadi gari lipinduke.

Tulifika tumelowa, magodoro yakinuka kama mbwa aliyenyeshewa. Mpaka anafariki, Mama hakumsemesha tena dereva yule. Nimewalea wadogo zangu kwa uchovu mwingi, na wote wawili ni wazima. Papa Bahati, wanasema, alihamia Niania. Asante yake bado hatujampelekea.